Nimemficha Dada Yangu Spika Aliyoichagua Mwenyewe

Mshauri wetu, kama umenizidi umri shikamoo, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mtu ambaye hajawahi kuandika gazetini na ambaye barua hii ameichana mara mbili kabla ya kuimaliza. Nakuomba unisaidie, maana jambo lenyewe nikiligusia kwa watu wanacheka, wanasema kumbe sabufa tu ndiyo inakukondesha, na mimi nawaacha wacheke kwa sababu siwezi kuwaeleza kilichopo nyuma yake.

Mimi ni seremala, nina miaka arobaini na minane, nina mke na watoto watatu, na karakana yangu iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Hapa mtaani wananiita Fundi Kona kwa sababu ya pembe za kazi zangu, mlango wangu ukifungwa huoni mwanga, droo yangu ukiisukuma kwa kidole inakwenda yenyewe mpaka mwisho, na jina hilo nalipenda kuliko hata lile nililopewa na wazazi. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo. Aliyenilea ni dada yangu, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na mimi nikiwa na kumi, akaacha masomo akaingia kiwanda cha kusokota nyuzi, na kwenye zile mashine akakaa miaka ishirini na sita, mashine zenye kelele kiasi kwamba wafanyakazi wanazungumza kwa mikono, na siku hizo hakuna aliyewapa hata pamba ya kuziba masikio. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha, ndiyo iliyonipeleka kwa fundi aliyenifundisha kushika randa. Dada hajawahi kunikumbusha hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu angekuwa mtu wa kusimanga labda ningepata pa kujitetea.

Sasa masikio yake yanakwisha. Mwaka jana daktari alimweleza, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake, kwamba kelele zimekula kwanza sauti nyembamba, ndiyo maana hasikii ndege wala maneno ya wajukuu, na kwamba sauti nene bado anazo ila nazo zinapungua, na yeye daktari hawezi kusema zitabaki kwa muda gani. Kifaa cha kuvaa sikioni alipewa, kinamsaidia kidogo kwenye mazungumzo, lakini muziki anasema kinaufanya kama bati linalokwaruzwa.

Mume wake, yaani shemeji yangu, alikuwa mpiga gitaa la besi katika bendi iliyokuwa ikipiga hotelini. Alifariki miaka tisa iliyopita. Hakuwa mwimbaji, hakuwa mtu wa kusimama mbele, kwenye picha nyingi za bendi utamwona amekatwa bega. Alichoacha ni nyimbo kumi na moja walizorekodi, ambazo mkwe wa dada, mume wa binti yake, amezitoa kwenye kanda za zamani akaziweka kwenye flashi. Na mshauri, sijui kama umewahi kuliona hili, gitaa la besi kwenye redio ndogo halisikiki. Unamsikia mwimbaji, unasikia tarumbeta, lakini yule wa besi ni kama hakuja kazini siku hiyo. Nilikuwa nikienda kwa dada namkuta ameweka redio mapajani, kiganja kimeshika mgongo wa redio, amefumba macho. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, wenzake wote nawasikia. Yeye simpati."

Ndipo tukakubaliana kwamba yeye atanunua spika ya besi na amplifaya, na mimi nitatengeneza boksi. Nilimsindikiza dukani. Muuzaji alianza kumsifia spika kubwa kuliko zote, ya inchi kumi na tano, ina ukingo unaong'aa kama rimu ya gari, akasema mama hii utatikisa mtaa. Dada akamwambia hataki kutikisa mtaa, anataka kumsikia mtu mmoja. Akamwomba afunge spika tatu tofauti moja baada ya nyingine kwenye maboksi ya majaribio, aweke wimbo wake, na kila moja akaiwekea kiganja mbele ya koni, taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto. Kwa ile ya inchi kumi na mbili alikaa muda mrefu. Mimi nilitazama pembeni, kwa sababu nilimwona anatabasamu vile nilivyokuwa sijamwona tangu kabla ya msiba wa shemeji. Akasema, "Hii."

Spika hiyo ilikuja na karatasi inayosema inataka boksi lenye nafasi ya lita sitini ndani. Mkwe wake ni mwalimu wa fizikia, akakaa na karatasi ile akapiga hesabu, urefu, upana, kina, bomba la kutolea hewa liwe refu kiasi gani, akaniletea imeandikwa vizuri na mchoro juu. Niliipokea, nikamshukuru, alipotoka nikaichomeka nyuma ya kopo la gundi. Nilijiambia mimi Fundi Kona sipimiwi boksi na mwalimu wa shule. Tena sebule ya dada ni ndogo, kitu cha ukubwa ule kingekaa kama kabati, na nilikuwa na ubao mmoja wa mti mgumu, mwekundu, niliokuwa nimeutunza miaka minne nikiusubirishia kazi inayoustahili, lakini haukuwa mrefu wa kutosha. Kwa hiyo nikakata kwa jicho, kwa kufuata ubao.

Boksi lilitoka zuri, mshauri, sitaki kujificha, ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Dada alipokuja kulitazama alilipapasa pande zote, akasema, "Umelitengeneza kama la kuwekea dhahabu." Akauliza lini atalisikia. Nikamwambia kesho kutwa.

Kesho yake nikafunga spika, nikaunganisha amplifaya, nikaweka ule wimbo anaoupenda, ambao shemeji anaanza peke yake kabla wenzake hawajaingia, noti tano zinashuka moja moja kama mtu anayeteremka ngazi. Hakuna aliyeteremka. Zote zilitoka sawa, bum, bum, bum, kama mtu anayeruka mahali pamoja. Nikaangalia waya, nikakaza skrubu, nikaziba tundu, nikazibua. Mwisho nikaitoa karatasi ya mwalimu nyuma ya kopo, nikachukua ndoo ya lita kumi, nikalijaza boksi vumbi la mbao ili kulipima. Zilipaswa kuingia ndoo sita. Ya nne haikuisha.

Hapo ndipo ningesema. Ningesema tu dada nimekosea vipimo, nipe siku mbili. Badala yake nikaitoa spika, nikaifunga kwenye gunia, nikaisukuma chini ya benchi nyuma ya mabaki ya mbao, na dada alipopiga simu nikamwambia spika ina kasoro, nimeirudisha dukani. Baada ya wiki mbili nikamwambia wameagiza nyingine. Baada ya mwezi nikamwambia mzigo umechelewa. Yeye anajibu sawa, baba, na hanisukumi. Mkwe wake alitaka kwenda dukani kuulizia, nikamzuia, nikamwambia nimeshayamaliza. Sasa ni mwezi wa tano. Na katika miezi hiyo mitano nimemwona dada akiacha kusikia mlango ukigongwa, akiacha kusikia sufuria ikichemka na kumwagika, na wiki mbili zilizopita nilimkuta hana tena redio mapajani. Nilipomuuliza akasema, "Nimeiweka kabatini. Inanichosha kumtafuta."

Nina rafiki yangu, fundi redio, yeye pekee zaidi ya mke wangu anajua ukweli. Amekuja akalitazama boksi akasema dawa ipo, ziko spika za inchi nane zinazofaa boksi dogo kama hili, tuweke moja, tuifunike kwa kitambaa cheusi, wewe mpelekee dada yako. Nikamwambia lakini hiyo siyo aliyoichagua. Akaniambia, "Kaka, masikio yenyewe hana. Hatajua." Nimelifikiria neno hilo siku nyingi na nakiri kwako kwamba si kwamba lilinichukiza. Lilinipa nafuu, kisha nikajichukia kwa ile nafuu.

Kuna jingine ambalo hata mke wangu sijamwambia. Jumapili iliyopita nilikwenda kwa dada nimeamua kusema. Tulikaa kwenye kochi moja tunakunywa chai, na mimi nikakaa upande wake wa kushoto, ambao ndio umekufa zaidi, na najua nilivyochagua kukaa upande huo. Nikasema kwa sauti ya chini, nikitazama kikombe, "Dada, spika iko kwangu, nimekudanganya." Akageuka akaona midomo yangu imecheza, akaniuliza nimesema nini. Nikamwambia nimesema chai ni tamu. Akafurahi, akaniongezea.

Mke wangu ameniambia mara moja tu, "Nenda ukamwambie wifi, halafu urudi ule," na tangu hapo halizungumzii tena jambo hilo, ananitazama tu. Mimi nauliza, mshauri, nifanye lipi. Niweke ile ndogo inayolifaa boksi ninyamaze, dada apate angalau kitu kabla hajachelewa kabisa? Au niirudishe ile kubwa kwenye boksi hilihili, ipige inavyopiga, maana ni ile aliyoitaka? Au niseme ukweli, na kama nitasema, nitamwambiaje mtu aliyenilea kwamba miezi mitano ya masikio yake nimeila mimi, kwa sababu ya ubao?

Ni mimi, Fundi Kona.


MSHAURI ANAJIBU

Fundi Kona, barua yako niliisoma asubuhi, nikaiacha mezani nikaenda kufanya mambo mengine, na mchana nikaisoma tena kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa na hasira na wewe kiasi kwamba nisingekujibu vizuri.

Nianze na spika, kwa sababu hapo pana jibu rahisi na wewe umelifanya gumu. Mimi sijui vitu hivyo, kwa hiyo nilimwonyesha barua yako, bila chochote cha kukutambulisha, fundi mmoja wa sauti ambaye amefunga spika kwenye kumbi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Aliisoma taratibu. Akasema rafiki yako fundi redio hajakosea kiufundi, spika huchaguliwa kwa kufuata boksi na boksi kwa kufuata spika, na ya inchi nane iliyopangiwa boksi dogo inaweza kulipiga gitaa la besi likasikika safi kabisa. Akasema pia kwamba kuirudisha ile ya inchi kumi na mbili kwenye boksi lako la sasa ni kupoteza muda, utapata kishindo kisicho na noti, kama ulivyosikia. Halafu akavua miwani akasema, kwa mtu ambaye masikio yanamwacha, yeye angemwekea ile kubwa kwenye boksi lake halali la lita sitini, kwa sababu inasukuma hewa zaidi, na siku sikio likishindwa kabisa, mkono na kifua bado vitapokea.

Kwa hiyo unaniuliza uchague spika ipi. Wewe huna cha kuchagua. Spika ilishachaguliwa, dukani, mbele ya macho yako, na mtu aliyezijaribu tatu kwa kiganja chake. Aliijua bila masikio mazuri, halafu wewe na rafiki yako mnakaa karakanani mnaambizana hatajua. Atajua. Ataweka mkono pale na atajua kwamba siyo ile, na kwa sababu anakuamini wewe kuliko anavyouamini mwili wake, ataamua kwamba sasa hata mikono yake imeanza kupotea. Umelifikiria hilo? Ungemwongezea ulemavu asiokuwa nao ili wewe ubaki na sifa ya pembe nzuri.

Nakuhurumia pia, usidhani sikuhurumii. Najua si kila mtu anaweza kusimama mbele ya aliyemlea na kusema nimeshindwa. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi, na nahisi tangu siku ile kila meza na kila kabati ulilotengeneza ulikuwa unamwonyesha yeye, unamwambia ona, hukupoteza bure. Halafu kazi moja, ile moja aliyokuomba kwa ajili yake mwenyewe, ikaharibika mikononi mwako. Aibu ya namna hiyo inamfanya mtu mzima afiche kitu kwenye gunia. Naielewa. Lakini kuielewa si kuiruhusu iendelee hadi mwezi wa sita.

Na lile la kochini sitalipitia juu juu. Hukukiri. Ulijisafisha roho kwa gharama ya ugonjwa wake, kisha ukampa uwongo wa chai, naye akakuongezea chai. Hiyo ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifanya niinuke mezani.

Wewe ni seremala. Boksi la lita sitini ni kazi ya siku mbili, wewe mwenyewe umesema. Umeishi na uwongo miezi mitano ili kukwepa kazi ya siku mbili.

Sasa fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Usianze na boksi. Najua mikono yako inakuwasha kukata mbao kwanza ili uende kwake na kitu kizuri cha kujifichia nyuma yake, lakini nenda mikono mitupu isipokuwa ile spika. Itoe kwenye gunia, ifute vumbi, uipakate mwenyewe. Nenda mchana, kukiwa na mwanga. Kaa mbele yake, si kando yake, magoti yaelekeane, aione midomo yako, kisha useme kwa sauti yako ya kawaida kwamba spika hii haikuwa na kasoro, kwamba ulikosea vipimo kwa kiburi, kwamba umemdanganya miezi mitano. Sema sentensi fupi. Asiposikia, rudia maneno yaleyale, wala usiyapunguze makali mara ya pili. Asiposikia tena, yaandike kwenye karatasi umpe, na ukae hapo wakati anasoma. Usimlaumu rafiki yako, wala usiutaje ubao kana kwamba ndio uliokata.

Usimwombe akusamehe siku hiyohiyo. Huo ni mzigo mwingine unamtwisha. Mwambie utamletea boksi jipya siku fulani, itaje siku, na ukimaliza hapo mpitie mkwe wake, mwalimu, umwombe radhi naye, kwa sababu ulimzuia asiulize dukani na karatasi yake uliitia nyuma ya kopo. Mwombe aje karakanani akusimamie vipimo. Akikuambia punguza milimita tatu, punguza milimita tatu. Kama sebule ni ndogo, dada yako ataamua mwenyewe kiti kipi kitoke. Na daktari apewe taarifa kwamba redio imewekwa kabatini, huenda kuna jambo anaweza kurekebisha kwenye kile kifaa cha sikioni, maana mtu akiacha kutafuta sauti, daktari wake anapaswa kujua.

Unahofia huenda muda umekwisha. Sijui, na wewe hujui, na daktari hajui. Ndiyo maana usisubiri Jumapili. Ukimaliza kusoma gazeti hili, vaa shati uende.

Inawezekana akalia. Inawezekana akakukaripia kwa mara ya kwanza katika maisha yako, akakuambia yote aliyoyanyamazia miaka hii, kiwanda na mashine na masomo aliyoyaacha. Usijitetee, usiangalie saa, usikimbilie kumkumbatia ili anyamaze. Kaa umsikilize mpaka amalize. Kati yenu wawili, mwenye masikio mazima ni wewe.